Nimeupaka Rangi Mmea wa Mama Mkwe, na Jumamosi Anarudi

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba uniokoe, na ujue kabisa kwamba anayekuomba si mtu wa kuomba ovyo. Mimi ni fundi wa kupaka rangi magari, tena si fundi wa kubahatisha, gari likigongwa ubavuni likaletwa kwangu, mwenyewe akija kulichukua analizunguka wee akitafuta ni mlango upi uliogongwa na haupati, mpaka namwonyesha kwa kidole na bado ananibishia. Nimepaka magari ya mawakili, nimepaka magari ya maharusi, nimepaka hata gari la kubebea maiti likatoka linang'aa mpaka dereva wake akasema sasa abiria wake watapanda kwa raha. Shule niliishia njiani, sikatai, lakini niletee rangi nyeupe za kila aina uzipange mezani, nitakutajia moja moja nikiwa nimefumba jicho. Nayasema haya si kwa majivuno. Ni kwamba usipoujua mkono wangu ulivyo hutaelewa nilivyoingia matatani.

Mama mkwe wangu ni nesi mstaafu wa wodi ya watoto, na ana mmea wake wa ndani. Usidhani ni haya maua ya kununua barabarani. Ni mmea unaopanda, asili yake ni misitu ya mbali yenye mvua nyingi, unashika nguzo na kwenda juu huku unatoa mizizi hewani kama vidole vya mtu anayetafuta swichi gizani, majani yake makubwa kama usukani wa lori, yana matobo na michano, na kila jani ni kijani huku na nyeupe pe huku, kana kwamba mtu kapita akalimwagia maziwa. Wauza maua wanauita monstera, na huo wenye weupe ni adimu, watu wanaombana kipande na wakinyimwa wananuna mwaka mzima. Yeye alipewa kipande kimoja cha shina na wenzake wa wodini siku anastaafu, akakilea mpaka kikagusa dari.

Sasa mimi na mama mkwe, mshauri. Tangu nimuoe binti yake ananiita fundi. Fundi hujambo, fundi karibu, fundi ongeza chai. Si matusi, lakini si kitu pia. Mkwe mwenzangu, yule aliyemuoa dada mkubwa, karani wa ofisini mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, yeye anaitwa mwanangu, na tukienda pale nyumbani anapewa chai kwenye kopo la bati lililobanduka kama wenye nyumba wote, anainywa huku kanyoosha miguu. Mimi natolewa kile kikombe cha kabatini chenye maua na kisahani, cha wageni, cha daktari akipita kusalimia. Nimekinywea kikombe hicho kwa adabu, kidole kidogo juu, mpaka mtoto wangu wa kwanza ameanza kung'oka meno.

Basi dada mkubwa akajifungua, mama mkwe akaenda kumsaidia kulea. Mmea akauleta kwetu kwa pikapu, na yeye mwenyewe alipanda nyuma akiwa ameukumbatia, kiti cha mbele alikataa. Akaniambia mlangoni, "Fundi, mwenzio anashinda kiwandani kwenye cherehani, wewe ndiye unayewahi kurudi. Nakuachia. Maji ukiona udongo umekauka. Jua kali lisiupige. Na ule weupe, fundi, weupe ndio mmea wenyewe. Usinipotezee."

Mimi kuambiwa nisipoteze weupe. Nikamjibu, "Mama, hapa umefika kwa mwenye rangi zake."

Sasa nikuulize wewe, mshauri, adui wa rangi ni nani? Ni jua. Hata kondakta anajua. Gari jekundu liache juani, baada ya muda linakuwa la waridi, liweke kivulini linakaa jekundu mpaka linauzwa skrapa. Nami nikaufanyia mmea wa mama mkwe ninachowafanyia wateja ninaowaheshimu: nikauweka kwenye pembe nyuma ya kabati, nikafunga pazia, na nilipoona pazia ni jepesi nikatundika dirishani na turubai la kufunikia gari. Sebule ikawa kama tumbo la nyangumi. Mama watoto akauliza tunamficha nani, nikamwambia tulia, hapa rangi haipauki hata tukizeeka sote.

Jani jipya likatoka. Likafunguka. Kijani. Kijani tupu kama chupa. Nikasema huo ni mkono wa kwanza, weupe utakuja mkono wa pili. Likaja lingine, kijani. Lingine, kijani, tena dogo, halina hata tobo. Na yale ya zamani yenye weupe yakaanza kuungua pembeni na kudondoka. Nikamweleza mwenzangu wa gereji, huyu anayeziba mabonde ya magari kwa puti, ule udongo laini wa kujazia, tunamwita Puti.

"Umeuweka wapi?" akaniuliza.

"Gizani. Rangi isipauke."

Akaweka kisu chake cha puti chini. "Ni mmea au gari?"

"Mmea."

"Sasa mbona umeuegesha?"

Nikamwambia akae na mabonde yake. Lakini maneno yalinichoma, maana jioni ile nilimsikia mama watoto yuko kwenye simu na mama yake, anaulizwa weupe unaendeleaje, naye anajibu bila hata kugeuza shingo, "Unaendelea vizuri mama, fundi wako anautunza."

Fundi wako. Hapo ndipo mkono wangu uliponiponza.

Mama watoto alipotoka kwenda kusuka nywele, nilileta nyumbani ile bunduki yangu ndogo ya rangi, ya kuficha mikwaruzo. Msasa sikutumia, mimi si mnyama. Rangi ya magari nayo niliikwepa, nikachukua rangi ya maji ya ukutani nisije nikauchoma. Nikatia tone la njano ipate ule umaziwa. Nikakata gazeti la kuziba sehemu zinazobaki kijani, na ukurasa uliokuwa juu ni huu wako, kuna mama alikuwa anakuuliza amfanyeje mume wake mwongo, nikamkunja nikamfungia kwenye jani. Nikapiga mabaka, nikalainisha kingo, vile vidoadoa vidogo nikavirusha kwa mswaki. Mshauri, ilikuwa kazi. Nilirudi nyuma nikakunja mikono, nikasema hata Muumba akipita hapa atajua amepata msaidizi.

Mama watoto aliporudi alisema, "Eh, mmea umechangamka."

Nikavimba kichwa siku nzima. Kumbe jani linakua, na rangi haikui. Ikaanza kupasuka kama ukuta wa nyumba ya kupanga. Nikawa nairudishia, nikimaliza hili lile limepasuka, na jani jipya likichungulia nalisubiri na bunduki mkononi kama askari wa lindo. Gari ukilipaka linatulia, mshauri. Huu mmea hautulii.

Halafu juzi mama watoto akafuta vumbi. Akafika kwenye majani, akapitisha kitambaa, akakigeuza, akakitazama.

"Baba watoto, vumbi la nyumba hii limekuwa jeupe tangu lini?"

"Huo ni unga."

"Umefikaje huku juu?"

"Upepo."

"Upepo upi, na dirisha umelivisha turubai?"

"Basi ni unga wa zamani."

Akanusa kitambaa. Akanusa bega la shati langu. Akaingia jikoni na simu, akafunga mlango, nikamsikia anacheka na mtu mpaka anagonga meza. Mambo ya wanawake, sikuyaingilia.

Jioni ileile, kwa bahati ya ajabu, mama mkwe akapiga simu ya video, na kwa mara ya kwanza tangu anifahamu akasema, "Mpe fundi." Kisha akasema, "Nionyeshe mmea." Nikainua simu, nikaipitisha kwenye mmea kuanzia chini hadi juu. Alijifunika mtandio mdomoni, mabega yakawa yanamcheza, nikajua ni machozi, mama wa watu ameguswa.

"Sogeza," akasema. "Hilo la juu. Hebu tena. Weupe mzuri huo. Umeupata wapi?"

"Ni matunzo tu, mama."

"Matunzo."

"Na kuusemesha. Kila siku nausemesha."

Akajifunika tena. Nyuma yake nikasikia mtu anakohoa kama aliyepaliwa na chai, nadhani ni yule karani. Mama mkwe akafuta macho, akanitazama kwa muda, sauti ikawa ya chini, akasema, "Usiuguse tena, mwanangu. Uache hivyohivyo mpaka nije."

Mwanangu.

Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti. Mtu mzima mimi, mwenye kitambi na wanagenzi wanaoniogopa. Mama yangu mzazi alitangulia kabla sauti yangu haijawa nzito, na tangu hapo sijaitwa hivyo na mtu aliyemaanisha.

Sasa Jumamosi anarudi, na amesema akifika tu anakata kipande amtumie dada mkubwa akipande, kikue pamoja na mtoto. Yaani atashika jani kwa mkono wake, nesi yule, mtu aliyezoea kumgeuza mtoto akaona upele usioonekana. Puti anasema nivunje chungu nisingizie paka. Mimi nafikiria niupige mkono mmoja wa vanishi rangi ishike kabisa, au nitafute kazi ya mbali wiki hiyo nisiwepo. Nishike lipi? Mmea nitaulilia, sikufichi, lakini kinachoninyima usingizi ni neno moja. Sitaki kurudi kwenye kikombe cha kisahani.

Ni mimi fundi, ambaye kwa sasa ni mwanangu, mpaka Jumamosi.


JIBU LA MSHAURI

Fundi, barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama, na nimemsihi mhariri aitoe leo ikufikie kabla ya hiyo Jumamosi. Huyo mama aliyeniuliza kuhusu mume mwongo anakusalimu, anataka kujua kama bado yumo kwenye jani.

Kwanza nikupongeze kwa kutotumia msasa. Nimetafuta jingine la kukupongeza nimekosa.

Jua linapausha rangi iliyopakwa. Rangi ya jani haikupakwa na mtu, jani linaitengeneza lenyewe, kila siku, kwa mwanga. Ile sehemu ya kijani ndiyo mpishi. Ile nyeupe haipiki chochote, inakula tu, imekaa pale kwa uzuri kama mkwe mwenzako na kalamu zake. Mmea wenye mwanga mwingi unaweza kuilisha. Wewe ukaufungia gizani, na mmea wenye njaa unabana matumizi: unawaachisha wanaokula bure na kuongeza wapishi. Yale majani ya kijani uliyoyaona ni mmea unajiokoa, fundi. Ulikuwa unakuambia wazi uondoe turubai, wewe ukamjibu mpishi kwa kumpaka rangi usoni. Jani linapumua kupitia ngozi yake. Ukiliziba na rangi ya ukutani unalifanya litafute hewa, na ukija na hiyo vanishi yako utalizika kabisa. Hiyo vanishi irudishe gereji leo hii. Paka wa Puti mwachie Puti, na hiyo kazi ya mbali waachie wasio na mlango wa kurudi.

Sasa nikuambie jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako na hukulisoma.

Mkeo anafua mashati yako tangu umuoe. Unadhani mwanamke huyo hajui harufu ya rangi? Alinusa kitambaa, akakunusa wewe, akaingia jikoni akacheka kwenye simu mpaka akagonga meza. Jioni ileile mama yake, ambaye hajawahi kukuulizia, akataka kukuona wewe na mmea. Kwa bahati ya ajabu, unasema. Bahati hiyo ilitokea jikoni kwako. Na mtu aliyelea mmea kutoka kipande kimoja anajua baka la kila jani kama alivyojua watoto wa wodi yake. Angekuuliza "umeupata wapi" kama asingejua? Mabega yale hayakuwa yanalia, fundi. Na karani hakupaliwa na chai peke yake, nyumba nzima ilipaliwa.

Mimi sikuwepo, naweza nikakosea. Lakini nimekaa kwenye ukurasa huu miaka mingi na kicheko kilichozibwa kwa mtandio nakijua. Tena tazama ni lini ulipata hilo neno unaloogopa kunyang'anywa. Miaka yote uliyokunywa chai kidole juu, ukiwa msafi na mwenye adabu, ulikuwa fundi. Alipokuona umesimama na simu, umepaka majani yake rangi ya ukutani kwa sababu tu uliogopa kumwangusha, na unamdanganya bila aibu kwamba unausemesha, ndipo akasema mwanangu. Nesi wa watoto ameyaona hayo maisha yake yote: mtoto kavunja kitu, kakificha chini ya shuka, kasimama mbele ya shuka. Hakukuita hivyo kwa kudanganyika.

Basi fanya hivi.

Leo, kabla hujala, toa turubai. Lile pazia jepesi liache. Mmea usogeze karibu na dirisha, mahali ambapo ungeweza kusoma gazeti hili bila taa, ila jua la mchana lisiufikie moja kwa moja, maana hilo nalo linaunguza ule weupe. Hiyo ndiyo maana ya "jua kali lisiupige". Hakusema uufunge jela. Udongo uchome kidole mpaka kifundo cha kwanza, ukiwa mbichi usitie maji, ukiwa mkavu tia mpaka yatoke chini, kisha uache.

Baada ya hapo mikono mfukoni. Najua unachokifikiria sasa hivi: kuosha rangi yote kimyakimya Ijumaa, ili akute kijani na wewe useme weupe umepotea wenyewe. Alikuambia usiuguse mpaka aje. Kwa mara moja fanya ulichoambiwa jinsi ulivyoambiwa.

Jumamosi ukampokee wewe, asiende mkeo. Umwambie njiani, kabla hajaingia sebuleni, na bila hadithi ya unga. Mwambie, "Mama, nimeuweka gizani nikidhani nalinda rangi, weupe ukapotea, nikaupaka." Kisha nyamaza. Atakachokisema kipokee chote. Usimweleze ulivyochanganya tone la njano, hata kama inakuwasha. Akikuuliza mwenyewe, hapo ruksa, na nina hakika atakuuliza.

Halafu mrudisheni mmea nyumbani kwake, na huko leteni beseni la maji ya uvuguvugu na vitambaa viwili laini. Muyaoshe majani pamoja. Mkono mmoja chini ya jani kulishikilia, mwingine unafuta taratibu, bila kucha, bila sabuni kali, na ukitaja neno thina, ile ya kuyeyushia rangi, mbele ya mmea ule nitakuja mwenyewe. Rangi isipotoka iacheni, siku moja jani litadondoka nayo.

Kisu ashike yeye. Atashuka na shina mpaka aone mstari mweupe ulipoishia, akate hapo juu ya kifundo, pale jani linapoungana na shina, na chipukizi litakalotoka kwenye sehemu yenye mstari lina nafasi ya kurudi na weupe wake. Nafasi, nimesema. Inaweza isirudi, na kama haikurudi hujapewa ruhusa ya kusaidia. Vipande vya juu alivyokata msitupe, kila chenye kifundo na mzizi wa hewani kinaota kwenye chupa ya maji, vitakuwa kijani na afya tele. Kimoja kipeleke kwa huyo mtoto wa dada mkubwa. Kingine mwombe akupe wewe. Omba kwa mdomo wako, usisubiri kufikiriwa. Uweke gereji kwenye mwanga, Puti awe shahidi.

Na fundi, jambo la mwisho. Mkimaliza kuosha, mikono yenu imelowa, ataomba chai. Usikimbilie kabatini. Kaa hapohapo sakafuni karibu na beseni, usubiri uone utakachopewa. Kikija kwenye kopo lililobanduka, kinywe chote, hata kama kina ladha ya bati, na kopo usithubutu kulipaka rangi.